Posa ya Mpiga Teke

Mkuu wa chuo chetu alikuwa na tabia ya kutoroka mechi. Najua kwa sababu alitorokea lango la nyuma, na nje ya lango hilo ndipo nilipokuwa naegesha gari langu, na mimi pia nilikuwa natoroka. Jumamosi moja tulikutana pale wakati wa mapumziko, yeye ameficha tai ya rangi za chuo mfukoni, mimi nachakura mkoba kutafuta funguo. Tulisalimiana kwa adabu, tukaulizana habari za nyumbani, kila mtu akaingia garini mwake. Nyuma yetu timu ilikuwa inachapwa vibaya, na bendi ilikuwa inapiga kwa bidii ya watu ambao hawajaambiwa.

Nilikuwa sekretari wake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, chuo kidogo upande wa Fort Worth, Texas, na mimi nilikaa Irving, kwenye nyumba ya kupanga ambako ilibidi kunyamaza katikati ya sentensi ndege ipite kwanza. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuchapa hotuba zake. Kila hotuba, iwe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya au ya kumuaga mpishi anayestaafu, ilikuwa na sentensi moja niliyoweza kuichapa nimefumba macho: uongozi wa chuo umejitolea kwa moyo wote kuijenga upya timu ya mpira. Nasema mpira wa Kimarekani, ule wa yai, ambao wanaume wazima hujifunga magodoro mwilini kisha wakagongana. Niliichapa sentensi ile huku nikiwaza lango la nyuma, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Lakini mwaka huo bodi ya chuo ilichoka kuisikia. Wakamwambia mkuu kwamba timu ikiendelea hivi, wataivunja, na uwanja utapandwa nyasi za kawaida. Alirudi kutoka kikaoni akakaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa mtu wa hotuba ndefu, mwalimu wa kemia zamani, mrefu, mwenye nyusi zilizoota ovyo. Siku hiyo hakuwa na hotuba. Alisema tu kwamba kocha anadhani mambo yangeanza kubadilika kama wangepata mpiga teke.

Mchezo ule, baada ya sukumasukuma yote, huja mtu mmoja akaupiga mpira upite katikati ya milingoti miwili mirefu, timu ipate pointi. Huyo ndiye mpiga teke. Wetu alikuwa na nguvu lakini hakuwa na uelekeo. Wiki iliyotangulia alimpiga mpuliza tarumbeta, tena wa bendi yetu wenyewe.

Hapo nikafungua mdomo. Nilimweleza mkuu habari za pikiniki ya Wakenya kule Houston, ambako mtoto wa rafiki yangu mmoja alipiga mpira wa kawaida, wa miguu, ukapaa juu ya paa la banda la kuchomea nyama, ukapita miti, ukatua kwenye kioo cha gari la mchungaji wakati mchungaji akiombea chakula. Nilimsimulia ili acheke. Hakucheka. Alichukua kalamu akaniuliza mama wa kijana huyo anakaa wapi.

Anakaa Missouri City, pembeni mwa Houston, nikasema. Ni nesi, wadi ya mifupa. Na huyo ni mtoto wake wa pekee.

Kocha alitumwa peke yake, na aliharibu kila kitu. Nilipata habari zote kwa simu kutoka kwa mama mwenyewe kabla kocha hajafika hata Huntsville akirudi. Aliingia ndani akampa mkono kijana kwanza, mama baadaye. Akaletewa chai, chai ya maziwa iliyopikwa na tangawizi, akasema asante, hanywi vitu vya moto. Hakuwa amekaa vizuri alipoanza kusema kilichomleta. Kisha akainama akalibonyeza paja la kijana kupima misuli.

"Alimshika paja, dada," mama aliniambia. "Mbele yangu. Kama ng'ombe wa mnada." Nikamwambia pole. Akasema pole ya nini, jibu ni hapana, na waambie wenzako wasirudi.

Asubuhi yake mkuu aliniuliza kosa lilikuwa wapi. Ningeweza kumjibu kwa kifupi. Lakini nilimtazama, mtu aliyesoma akamaliza, amekaa mbele yangu na nyusi zake akingoja kufundishwa, na shetani wa utundu akanipanda. Nilimwambia kwamba kwetu ukitaka mtoto wa watu humwendei hivyo. Unakwenda kwa posa. Unatafuta mshenga, mtu wa kukusemea. Unavaa vizuri. Unakaa unapoonyeshwa, unakula ulichopewa, unamaliza. Unabeba sukari, majani ya chai na leso ya mama. Na wewe mwenyewe uliyekuja kuomba husemi neno, kuanzia mlangoni mpaka upewe ruhusa.

Yote yalikuwa kweli isipokuwa la mwisho, ambalo nililitia chumvi. Mbele ya wakwe baba wa bwana harusi hunyamaza kidogo tu, kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa nimechapa hotuba za mtu yule miaka mingi, na nilijua akianza kuzungumza Missouri City tutalala huko.

Mshenga nilimpata kanisani. Tulikuwa na ibada ya Kiswahili mara moja kwa mwezi kwenye kanisa la kukodi, Wakenya huku, Wakongo kule, wengine kokote palipobaki kiti. Kulikuwa na mzee mmoja Mkongo wa Haltom City, mpanga mizigo kwenye ghala, aliyekuwa amewaposea nusu ya vijana wa kanisa lile, na inasemekana hakuwahi kukataliwa. Alipenda kazi ile kuliko chakula. Nilipomweleza kwamba safari hii anaposa mvulana, kwa niaba ya chuo, kwa ajili ya kupiga teke, alifikiri kidogo, akauliza kama chuo kina tabia nzuri. Nikasema kina nafuu. Akakubali.

Kisha likaja tatizo la zawadi. Chuo kilikuwa na mtu wa kanuni, kazi yake kuangalia kwamba sheria za ligi hazivunjwi, na sheria zilikuwa wazi: mchezaji na wazazi wake wasipewe kitu, hata pipi, mpaka siku atakapoacha kucheza. Chuo kikikamatwa kimetoa zawadi, kinafungiwa. Mkuu alirudi kwangu amenyong'onyea na kuniuliza kama tunaweza kwenda bila sukari. Nikasema mimi sijui, muulize mshenga.

"Mikono bule?" mzee alisema. "Dada, mi nimeposea watu mingi hapa America. Mikono bule sijaenda. Ni aibu, vraiment."

Lakini alikuja. Tuliondoka Jumapili baada ya ibada, mkuu akiendesha, mzee mbele kwa heshima ya cheo chake, mimi nyuma nikila karanga na kufurahi. Njia nzima mkuu alijizoeza kunyamaza. Alifaulu mpaka Corsicana, akatueleza kuhusu udongo wa Texas mpaka Madisonville, kisha akakumbuka akajikaza tena.

Tulipofika na kufungua buti kutoa makoti, tuliukuta umelala pale: mfuko mkubwa wa sukari, umefungwa utepe mwekundu. Mzee alikuwa ameuweka bila kutuambia. Mkuu alipauka. Aliangalia barabarani huku na huku kana kwamba ligi imejificha kwenye maua ya jirani, akaufunika mfuko kwa koti lake, akafunga buti. Mzee akaingia kwenye nyumba ya watu na uso wa mtu aliyevuliwa suruali.

Mama alitupokea vizuri mno, na hapo nikajua amejiandaa kutukataa. Pilau, chapati, kuku, kachumbari. Majirani wawili, Wakenya wenzetu, walikuwa wamekuja kusaidia jikoni kwa sababu walisikia kuna posa, wakabaki mlangoni wakiulizana nani anaolewa, maana nyumba ile haikuwa na binti. Kijana alikaa pembeni, mrefu, miguu kama nguzo, akiomba ardhi ipasuke. Mkuu alikula kila alichowekewa. Alipewa chai akainywa ikiwa moto hivyo hivyo, machozi yakamlengalenga.

Mzee alipoona sahani zimeondolewa alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, sisi tulikuwa tunapita njia," alisema. "Tukaona kwako iko kitu muzuri. Tumekuya kuuliza."

Mama hakutabasamu, lakini niliona amekaa sawasawa kwenye kiti. Alijua vizuri mchezo gani unachezwa, na alikuwa anaujua kuliko mimi.

"Na huyu mrefu mbona haongei?" aliuliza. "Ama ni bubu?"

"Baba ya bwana hasemake," mzee akajibu.

Waliendelea hivyo muda mrefu, mzee akisifu, mama akiuliza. Chuo kina ukoo gani? Kuna ugonjwa? Hao wachezaji wengine wamelelewa na nani? Ikiwa kijana atakuwa uwanjani kutwa, atasoma saa ngapi? Kijana alitaka kusomea ufamasia, na mama alitaka iandikwe kwenye kichwa cha kila mtu kwamba darasa kwanza, teke baadaye. Mzee aliahidi. Mimi nilikuwa namnong'oneza mkuu tafsiri, si yote, ile niliyoona inamfaa.

Kisha mama akaacha mchezo. Alimgeukia mkuu, akasema naye kwa Kiingereza, polepole, kama anavyosema na jamaa za wagonjwa. Alimwambia kwamba wavulana wa mpira ule anawajua. Huletwa kwake na magoti yaliyogeuka nyuma, na shingo ambazo haziwezi kuinua kichwa, wakubwa kama milango, wakimwita mama.

"Wewe unawaona wakiwa wamesimama," alisema. "Mimi ndiye huwageuza kitandani."

 Mimi nilikuwa nimekuja kucheka, na ghafla niliona aibu kwa zile karanga za njiani. Alikuwa na mtoto mmoja.

Mama akaendelea. Alisema haombi kitu, maana ameambiwa sheria zinakataza vitu. Anataka jambo moja. Amesikia kwamba mkuu huondoka wakati wa mapumziko. Mkuu akageuka akanitazama. Nikaangalia picha ukutani. Anataka, alisema mama, huyo aliyekuja kumwomba mtoto wake awe anamwangalia, kila mechi, mpaka mwisho, akae pale chini kando ya uwanja na si juu kwenye chumba cha vioo cha wakubwa. Na mtoto akiumia, yeye mama asipigiwe simu na ofisi. Apigiwe na mkuu mwenyewe.

Mkuu alinitazama tena, kuomba ruhusa ya kusema. Nikampa.

"Nitakaa," alisema. Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na hakuna aliyeichapa.

Ule mfuko wa sukari alirudi nao. Hakuweza kuutupa, na nyumbani hakuutaka kwa sababu daktari alikuwa amemkataza sukari. Akauweka kwenye kabati langu la ofisini, pamoja na utepe wake, nyuma ya karatasi za kuchapia. Aliniambia utakaa hapo mpaka sheria iruhusu.

Msimu ulipoanza, mkuu alikwenda kukaa kwenye benchi, chini, kati ya madumu ya maji na kijana wa kufunga bandeji. Mechi ya kwanza tulipigwa. Ya pili tulipigwa huku mvua ikinyesha. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimeshafika langoni na funguo mkononi nilipogeuka nikamwona yuko pale pale, koti limelowa, nyusi zinachuruzika. Nikafikiria nitamwambia nini mama akinipigia simu. Nikarudi kukaa, kwa hasira.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba mkuu asipoondoka, makamu wake hawezi kuondoka. Makamu asipoondoka, wakuu wa vitivo wanafanyaje? Na walimu wao, ambao wanataka kupandishwa vyeo? Wake zao wakaanza kuja na mablanketi na chupa za kahawa. Kufikia mechi ya nne uwanja ulikuwa umejaa mpaka robo ya mwisho ya mchezo, watu ambao wote walitamani kwenda nyumbani na kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake. Wachezaji, ambao miaka yote walimalizia mechi mbele ya viti vitupu, hawakuelewa kumetokea nini. Nadhani waliona haya kupigwa mbele ya umati ule. Walianza kupigwa kwa pointi chache tu, kisha siku moja, tukiwa nyuma kwa pointi moja, kijana wetu wa Missouri City akaingia, akarudi hatua zake nyuma, akaupeleka mpira katikati ya milingoti na mbele zaidi, mpaka kwenye maegesho, tukashinda. Mkuu wa kitivo cha sheria alinikumbatia. Hatukuwa tumewahi kusalimiana.

Bodi haikusema tena habari za kuvunja timu. Waliandika tamko la kusifu moyo wa kujitolea wa uongozi, na mimi ndiye niliyelichapa.

Kijana aliumia msimu wake wa tatu. Alikuwa ameshaupiga mpira, mguu bado uko hewani, mtu wa upande wa pili akamvamia kutoka ubavuni, akaanguka na mgongo. Hakuinuka. Niko juu kwenye viti, naona mkuu anatoka kwenye benchi kabla ya daktari, anakimbia ndani ya uwanja kwa viatu vyake vya ofisini, anateleza, anapiga magoti kwenye matope na kutoa simu.

Baadaye kijana alinisimulia yaliyosemwa. Mama alikuwa kazini. Hakupiga kelele. Alimwuliza mkuu maswali, na mkuu akajibu moja moja kama mwanafunzi: anapumua, ndiyo, macho yako wazi, ndiyo, wasimwinue, sawa, amwambie achezeshe vidole vya miguu. Mkuu akamwambia. Wakavua kiatu, wakaangalia wote, vikacheza.

"Vimecheza," mkuu alisema kwenye simu, mara nyingi, hata baada ya kujibiwa.

"Mom, I'm okay," kijana akasema. Mama akamwambia aache kuongea. Akamwambia mkuu, "Nakuja. Naendesha gari sasa hivi. Nakuja kumchukua."

Sote tulielewa maana ya kumchukua. Alikuwa anakuja na gari tupu ili arudi na mtoto wake na vitu vyake vyote.

Mimi nilimpokea mlangoni mwa hospitali. Madaktari walikuwa wameshapiga picha: uti wa mgongo mzima, ufa mdogo kwenye mfupa wa pembeni, ambao hupona wenyewe, na maumivu makali. Nilimweleza tukitembea, yeye akiwa mbele yangu na sare yake ya kazi. Alipofika kwenye mlango wa chumba alisimama ghafla hivi kwamba nilimgonga.

Mkuu alikuwa ndani na suruali ile ile, matope yamekaukia magotini. Kijana alitaka kulala ubavu. Nesi alikuwa upande mmoja wa kitanda anaelekeza, mkuu upande wa pili na mto mkononi, anajaribu kumgeuza. Alikuwa anafanya vibaya sana. Alikuwa anavuta bega na kusahau nyonga, na anaomba msamaha kila akivuta.

Mama aliangalia kwa muda. Kisha akaweka mkoba chini, akanawa mikono, akaenda kusimama karibu naye.

"Si hivyo," alisema. "Wewe shika bega. Mimi nashika hapa. Tukihesabu, pamoja."

Wakamgeuza. Mkuu akaingiza mto mgongoni kama alivyoambiwa, mama akauvuta kidogo, akauacha. Vitu vya kijana havikufungwa. Mama alikaa mpaka siku ya kuruhusiwa, akarudi Houston na gari lake tupu. Mimi nililia kwenye maegesho, na sikuwa na haya.

Alicheza tena msimu uliofuata, wake wa mwisho. Hatukuwa mabingwa wa kitu chochote, ila tulishinda zaidi ya tulivyoshindwa, na lango la nyuma nilikuta wamelitia kufuli kwa kuwa halitumiki. Wiki moja baada ya mechi ya mwisho mkuu alikuja ofisini kwangu, akafungua kabati bila kusema, akasogeza karatasi, akautoa ule mfuko. Sukari ilikuwa imeganda ikawa jiwe. Utepe ulikuwa umepauka. Tukampitia mzee Haltom City, tukampitia kijana bwenini, tukaenda.

Mama alifungua mlango. Safari hii mzee aliingia kifua mbele, amebeba mfuko mwenyewe kwa mikono miwili, akauweka juu ya meza katikati. Akafunga kifungo cha koti.

"Mama, ile kitu muzuri tulikuombaka, tumeirudisha," alisema. "Hesabu mifupa."

Sisi tulicheka. Mama hakucheka. Alimwita kijana asimame mbele yake, mwanamume mzima sasa, mfamasia wa kesho, na mbele yetu sote akaanza: shingo, mabega, mikono, akapitisha kiganja mgongoni polepole na kukaa kidogo pale palipopasuka, akashuka mpaka magoti yote mawili. Kijana alifumba macho kwa aibu. Mkuu alisimama wima, hasemi, na safari hii sikuwa nimemkataza.

"Iko yote," mama akasema.

Akaingia jikoni na ile sukari, tukamsikia akiivunja kwa mchi. Alileta chai. Mkuu alikunywa vikombe viwili.